Herufi ya Mwisho kwenye Modemu

Jumatatu, 5 Mei

Kosa la watu wengi ni hili: wanadhani modemu wakishainunua ni yao. Ni yao kama plastiki. Wanaweza kuipangusa vumbi, kuihamisha kutoka mezani hadi kabatini, kuizima na kuiwasha. Kilicho ndani si chao. Ndani mna programu inayoiendesha, mafundi wanaiita famwea, na kwenye modemu za kebo mwenye nyumba hana njia ya kuibadilisha. Hakuna kitufe. Kampuni ndiyo huituma, kupitia waya uleule unaoleta intaneti, na modemu huipokea au huikataa. Mimi mwenyewe nilipoteza wiki mbili za Aprili nikitafuta kitufe.

Nimeizima saa moja na nusu asubuhi. Nikahesabu hadi sitini. Nikaiwasha. Taa ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa. Ya tatu inapepesa, inatafuta mawimbi. Nikamlisha Nyambura uji huku inatafuta. Ndivyo siku zetu zinavyoanza sasa.

Ugonjwa wa modemu hii naujua. Ikiwa inapokea tu, haina neno. Ikianza kutuma picha kutoka kwetu kwenda nje, inavumilia dakika nane au tisa, halafu kumbukumbu yake inajaa na inajizima yenyewe. Kurudi inachukua dakika arobaini. Kasoro iko kwenye programu ya zamani. Programu mpya imeshatengenezwa. Ipo. Haijatumwa kwetu, basi.

Kesho ni siku ya kipindi. Nakiogopa kama nilivyokuwa nikiwaogopa wakaguzi nilipoanza kufundisha.

Jumanne, 6 Mei

Dakika nane.

Niandike mambo yalivyo, akili itulie. Januari mke wangu Nyambura alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukaenda, maneno yakaenda. Anasikia, anaelewa mengi, lakini kutoa neno hawezi. Huyu ni mtu aliyeuza sare za shule Thika miaka na miaka, na mteja alimsikia kabla hajaliona duka. Wataalamu wa usemi ni wachache na foleni zao ni za miezi. Tulibahatika kumpata Bi Chebet, yuko Eldoret, anatufundisha kwa video Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi. Lazima auone mdomo wa Nyambura, na Nyambura auone wake. Simu ya sauti haisaidii kitu.

Intaneti ya simu? Hapa Kimbo, mjini Ruiru, ghorofa zimetuzunguka pande tatu. Mawimbi ndani ya nyumba ni ya kubahatisha, na ngazi Nyambura hawezi kupanda. Kumpeleka kwa rafiki mwenye laini nzuri? Tulijaribu Machi, kwenda Thika. Alitapika kuanzia Juja, akafika macho yamefumba, akalala hadi jioni. Sirudii.

Kwa hiyo ni modemu hii au hakuna.

Leo walikuwa kwenye neno "maji". Nyambura alishika meza kwa mkono wa kushoto, akavuta pumzi, akatoa "ma". Kwa mara ya kwanza tangu Januari, "ma" safi kabisa. Chebet akapiga makofi. "Sawa Mama, sasa umalizie, ma..." Nyambura akafungua mdomo. Picha ikaganda. Mimi nikapiga magoti chini ya meza kuangalia taa.

Iliporudi, muda ulikuwa umeisha.

Jumatano, 7 Mei

Nimepiga huduma kwa wateja. Muziki wa kusubiri, tangazo kwamba simu inarekodiwa, muziki tena. Hatimaye mwanamume mmoja, Kamau. Kwa lafudhi yake, mtu wa Murang'a kabisa.

"Mzee, umejaribu kuzima na kuwasha?"

Nikamwambia nimezima na kuwasha kila siku tangu Pasaka. Nikamweleza kuhusu kumbukumbu kujaa, na kwa nini hutokea wakati wa kutuma wala si wakati wa kupokea. Nilieleza vizuri, nadhani. Kisha akaniomba nimsomee aina ya modemu iliyoandikwa kwenye kibandiko chini yake, kwa sababu sistimu yao haionyeshi.

Nikaigeuza, nikavaa miwani. KM77L. Nimesoma herufi moja moja, na kila herufi nikaipa mji ili asikosee. K ya Kitale, M ya Mombasa, saba, saba, na ile ya mwisho vivyo hivyo. Watu husoma herufi kwenye simu ovyo ovyo. Mimi nilifundisha fizikia miaka thelathini na minne, na mara ngapi nimesimamisha somo la nishati ili mtoto arudie kusema "lori" vizuri. Kitu kikisemwa vibaya kitaandikwa vibaya.

Kamau akasema programu itatumwa ndani ya siku tatu. Nikamshukuru kwa moyo wote. Nimelala mchana, jambo ambalo huwa sifanyi.

Ijumaa, 9 Mei

Dakika tisa. Nyambura alikuwa amerudi nyuma. Leo "ma" haikutoka.

Chebet alinipigia baadaye kwa simu ya kawaida. Ni mwanamke mkweli na ninampenda kwa hilo. "Mwalimu, sitaki kukuficha. Kliniki yetu inahesabu vipindi. Kisichofika nusu hakihesabiwi. Mama hajapata hata kimoja mwezi huu. Kisipopatikana hadi Jumanne ya tarehe ishirini, nafasi yake watampa mgonjwa mwingine. Si mimi ninayeamua."

Nikamuuliza, akitoka, atarudi lini.

"Foleni ni hadi Septemba. Pengine Oktoba. Na Mwalimu, hii miezi ya kwanza ndiyo miezi."

Nusu ya kipindi ni dakika ishirini na mbili. Tuna vipindi vitatu. Modemu inatoa tisa.

Jumamosi, 10 Mei

Gurdip amekuja kututembelea, na bhajia. Gurdip Singh ni rafiki yangu tangu alipokuwa na karakana ya kuchonga vyuma Thika na mimi nikimpelekea wanafunzi waone mashine. Tulinunua modemu siku moja, duka moja, kwa sababu kampuni ilisema zao zimekwisha. Yeye bado anaishi Thika. Yake haijazimika tangu Machi.

"Mimi hata sijui iko wapi," akasema. "Mke wangu ameiwekea kitambaa na maua juu. Naongea na ndugu yangu wa Uingereza saa mbili nzima, mpaka yeye ndiye anatafuta sababu ya kukata."

Nikampigia mkewe, akatoa maua, akafungua ukurasa wa ndani wa modemu kama nilivyomwelekeza, akanisomea namba ya programu. Ni ile mpya. Alitumiwa bila kuomba. Hakujua hata kwamba kuna kitu cha kuomba.

Nimejitahidi kumfurahia. Sikuweza. Nilimwonea wivu mtu kwa sababu ya modemu yenye maua juu.

Nyambura alikula bhajia mbili. Gurdip alimwongelesha kwa Kikuyu muda wote bila kusubiri jibu, kama zamani, na Nyambura akacheka. Nilimsikia akicheka.

Jumatatu, 12 Mei

Ujumbe kwenye simu asubuhi: ombi lako limetekelezwa, asante kwa kuwa nasi.

Nikaenda kwenye ukurasa wa ndani. Namba ya programu ni ileile ya zamani. Nikafungua orodha ya matukio, mahali modemu inapoandika kila lililotokea. Saa kumi na moja alfajiri: programu mpya imefika. Sekunde chache baadaye: imekataliwa. Hailingani na kifaa.

Imekataliwa na nani? Na modemu yenyewe. Hapa kuna jambo la kueleza. Modemu haimezi kila inacholetewa. Kabla ya kukubali programu hukagua kama imetengenezwa kwa ajili yake, aina kwa aina. Ikiwa si yake hubaki na ya zamani. Ni ulinzi mzuri. Bila huo, programu isiyo sahihi ingeiua kabisa.

Basi imelindwa. Imelindwa dhidi ya dawa yake.

Nimepiga tena. Mtu mwingine, msichana, akaniita guka, yaani babu. "Kwa sistimu inaonyesha imetumwa, guka. Iko sawa." Nikamwambia imetumwa na imekataliwa. "Lakini imetumwa." Ndiyo, imetumwa. "Sasa si iko sawa?"

Ameahidi fundi.

Jumanne, 13 Mei

Dakika nane. Nilikuwa chini ya meza kabla hata haijazimika, nikiziangalia taa kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

Sina la kuongeza.

Alhamisi, 15 Mei

Fundi alifika saa tisa mchana, mtu wa makamo, ngazi begani, mkimya. Nilimpenda mara moja. Akapima waya kutoka nguzoni hadi sebuleni. Akakata ncha ya zamani, akaweka kiungio kipya, akakikaza. Akapima tena.

"Mzee wangu, hii laini yako ni safi kuliko ya ofisini kwetu."

Nikamwonyesha orodha ya matukio. Aliisoma yote, polepole, akitingisha kichwa. Akasema ninasema kweli, ni programu. Nikamuuliza kama anaweza kuitia. Akacheka, si kwa ubaya. "Mimi ni wa waya. Hata nikitaka, sina mlango wa kuingilia. Hao ni watu wa Thika, wa kompyuta. Na kusema ukweli, mtaa huu wa kebo hawaujali sana. Wanangoja laini mpya ya fiba ifike."

Itafika lini?

"Tuliambiwa mwaka jana."

Alikunywa chai, akamwamkia Nyambura kwa heshima, akaondoka. Sasa nina kiungio kipya, cha rangi ya dhahabu. Modemu imezimika mara mbili tangu aende.

Ijumaa, 16 Mei

Dakika nane.

Leo hakujaribu. Chebet alimwita, "Mama, nitazame, ma..." na Nyambura akaangalia pembeni. Mimi nilikuwa naiona saa ukutani. Dakika ya tano. Ya sita. Nikamwinulia sauti. Nilisema, "Jaribu bwana! Muda unakwisha!" Mbele ya Chebet. Sijawahi kumpigia Nyambura kelele tangu tuoane, labda mara moja, juu ya shamba la Murera.

Alianza kulia bila sauti. Kisha ikazimika, na kwa mara ya kwanza nilishukuru.

Nimeona aibu mchana kutwa. Nimemkanda mkono. Nimemchana nywele. Hakunitazama.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda kanisani. Watu wazuri walikuja baada ya ibada, wakaomba, wakasema tukubali mapenzi ya Mungu. Nikaitikia amina. Mungu naweza kumkubali. Kilichonishinda kukubali ni kwamba mahali fulani Thika kuna kompyuta, na ndani yake kuna faili, na faili hilo lingeshuka hapa kwa dakika tatu.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekwenda Thika. Mama Njeri wa mlango wa pili alibaki na Nyambura.

Ofisi yao iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Nilichukua namba, nikakaa. Nilikuwa nimebeba karatasi sita: orodha ya matukio nimeinakili kwa mkono, tarehe za vipindi, jina la kila niliyeongea naye. Niliamua kwamba leo sitamweleza mtu yeyote chochote ila msimamizi.

Msimamizi ni mama wa miaka hamsini hivi, ana miwani kwenye kamba. Alinisikiliza hadi mwisho bila kugusa simu yake. Kisha akafungua rekodi yangu.

"Modemu yako ni KM77R."

Nikasema hapana, ni L.

"Hapa imeandikwa R. Kuna aina mbili, Mwalimu. Kwa nje ni sawa, ndani ni tofauti. Za R zilipata programu mpya Machi. Za L zina faili lao. Wewe ulitumiwa ya R."

Gurdip ana R. Mimi nina L. Duka moja, siku moja, rafu moja. Na modemu yangu maskini ilikuwa ikikataa kitu ambacho kweli si chake.

Nilipandwa na hasira. Nikasema, kwa sauti ambayo watu waligeuka kuisikia, kwamba nilimsomea yule Kamau herufi kwa herufi, na miji juu yake, na kwamba ni aibu kampuni kuajiri mtu wa simu asiyetofautisha L na R. Nikasema watoto wangu wa kidato cha kwanza walizitofautisha. Mke wangu anapoteza usemi wake, nikasema, kwa sababu ya ulimi wa mtu.

Mama yule hakubishana. Akasema, "Tusikilize." Akanipa vipokea sauti vya masikioni, vile vikubwa. Akatafuta simu ya tarehe saba.

Nikajisikia. Sauti ya mzee anayejiamini. K ya Kitale. M ya Mombasa. Saba. Saba. Eli.

Kamau akauliza, "Eli ya nini, mzee?"

Na mimi, bila kusita hata kidogo: "Eli ya Luilu."

Kamau anaandika. Aliandika alichojua. Kila mtu anajua Ruiru inaanza na herufi gani. Alidhani nimesema R kwa ulimi wetu wa Kikuyu, unaochanganya L na R, na angekuwa mjinga kudhani vinginevyo. Mimi ndiye niliyeishi kwenye mji huu miaka arobaini na kulitamka jina lake hivyo, kama mama yangu alivyolitamka, na sikuwahi kujisikia.

Nikavua vile vya masikioni. Sikujua pa kutazama.

Msimamizi akasema kwa upole, "Mimi naitwa Rahab. Mama yangu mpaka anakufa aliniita Lahabu." Akaibadilisha herufi mbele yangu. Kubonyeza kitufe kimoja. Siku kumi na mbili, na ilikuwa kitufe kimoja.

Nikamuuliza kama inaweza kutumwa leo, kwa sababu kesho saa nne. Nilimweleza habari za tarehe ishirini. Nilimsihi. Akapiga simu mbili huku nikimwangalia. Faili za L hutumwa kwa mafungu, na fungu lijalo ni Alhamisi alfajiri. Wanaolituma hawako Thika. Alijaribu kweli. Nisiandike uongo hapa.

Nilipita kwa Gurdip kwa sababu sikuweza kurudi nyumbani moja kwa moja. Nikamwambia. Alicheka hadi akashika kifua. "Kalasinga mzima nasema Ruiru, na wewe mwenye mji unasema Luilu!" Kisha akaniona uso. Akaacha kucheka, akanisindikiza hadi stendi.

Jumanne, 20 Mei

Kipindi cha mwisho.

Nilijua hakuna nitakaloweza kufanya. Modemu ingezimika dakika ya nane au ya tisa. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza sikuingia chini ya meza. Nilivuta kiti nikakaa karibu na Nyambura, nikamtazama yeye.

Mwanzo alijitahidi. Nadhani kwa sababu ya Ijumaa, kunifurahisha mimi. Chebet alikuwa mpole sana. "Ma," Nyambura akasema. Ikatoka. "Ma." Chebet akasema, "Eeeh! Haya Mama, polepole, maji." Nyambura akavuta pumzi. Halafu, kabla ya kitu chochote kutokea, akafunika mdomo kwa kiganja cha kushoto. Akakaa hivyo. Sekunde kumi, kumi na tano. Akautazama uso wa Chebet kwenye kioo kwa macho ya mtu anayeomba radhi. Akaondoa mkono, akajaribu. "Ma... j..."

Ikazimika.

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua. Kisha akajipiga mdomoni kwa vidole. Mara mbili. Si kwa nguvu. Nikamshika mkono. Nilidhani mdomo unamuuma.

Chebet alipiga simu saa sita. Wamempa nafasi mtu mwingine, baba wa watoto wadogo, wa Kericho. Alilia kidogo, mimi nikamfariji. Ametutumia video alizojirekodi mwenyewe za mazoezi, tuzitumie hadi Septemba.

Hadi Septemba. Pengine Oktoba.

Jumatano, 21 Mei

Hakuna.

Alhamisi, 22 Mei

Imefika. Saa kumi na moja na dakika nne alfajiri, orodha ya matukio: programu imepokelewa. Imekubaliwa. Modemu imejiwasha upya.

Namba mpya. Nimeiangalia mara kadhaa, kama mtu anayeangalia jina lake kwenye orodha ya waliofaulu, shule ikiwa imekwisha kufungwa.

Nilimpigia Gurdip kwa video kuijaribu. Dakika kumi. Ishirini. Arobaini na tano. Tuliishiwa na maneno, tukabaki tunatazamana tu, wazee wawili. Haikutetereka. Mkewe alipita nyuma yake na chombo cha kumwagilia maua.

Nikampigia yule mama wa Thika kumshukuru. Nikamwomba anitafutie Kamau, nikamtaka radhi. Kamau hakukumbuka mimi ni nani. Akasema, "Hakuna noma, mzee, karibu tena."

Ningefurahi. Ninajua mahali furaha ingekaa. Hapana kitu hapo.

Ijumaa, 23 Mei

Saa nne asubuhi. Hakuna aliyepiga.

Nilimkalisha Nyambura mahali pake, nikawasha video ya kwanza ya Chebet. Picha ni safi sana. Chebet anaonekana hadi kovu dogo la kidevuni. "Habari ya asubuhi Mama. Leo tutasema maji."

Nyambura akafunika mdomo.

Nikaisimamisha video. Nikamuuliza kwa upole, unaumwa? Hapana. Hutaki? Akafikiri. Kisha akaonyesha kioo kwa kidole. Akaonyesha mdomo wake. Halafu akafanya kwa vidole vile mtu anavyozima mshumaa.

Akarudia, nielewe. Mdomo. Kioo. Kuzima.

Nimekaa na jambo hili saa nzima sasa. Yeye alikuwa akiona hivi: kila alipojitahidi, kila alipofika kwenye neno lenyewe, Chebet aliondoka. Alikosea, na yule mwanamke wa Eldoret akazimwa na kosa lake. Mara nyingi, mwezi mzima, zaidi. Na mume wake kila mara aliingia chini ya meza ili asimwangalie. Na siku moja akampigia kelele.

Nimemweleza Kamau jinsi kumbukumbu inavyojaa. Nimemweleza fundi, msimamizi, Gurdip na mke wa Gurdip. Nimeeleza katika daftari hili, ambalo halisomwi na mtu. Nyambura hakuwahi kuambiwa na mimi hata sentensi moja. Nilidhani hawezi kuelewa mambo ya modemu. Au sikudhani kitu. Ni yeye peke yake katika nyumba hii ambaye hakuniuliza, kwa kuwa hawezi kuuliza.

Bado ameketi pale, mkono umerudi pajani. Anatazama nje, nguo za Mama Njeri zinakauka kwenye kamba. Modemu haina sauti yoyote.

Funga daftari, mzee, ukakae mbele yake umweleze leo kwamba kilichokuwa kikizimika ni modemu.